Kutoka minarani hadi kwenye Paybill: kisa cha meneja wa simu aliyeanzisha kampuni ya teknolojia Mombasa

Kuhusu kisa hiki

Mhusika alisimamia shughuli za kiufundi za kampuni ya simu katika kanda ya Pwani kabla ya kuanzisha kampuni yake. Hapa ataitwa Meneja, hata pale ambapo umeneja wenyewe ulikuwa umekwisha. Majina ya watu na kampuni yameondolewa, mitaa imetajwa kijumla, na penye fedha pametumika mifano ya hesabu badala ya vitabu vya kampuni. Mambo ya sheria, kodi, vifaa na mikongo ya baharini, yaani kebo za intaneti zinazopita chini ya bahari, yameachwa yalivyo, maana hayo ndiyo yatakayomfaa anayetaka kufuata njia hiyo.

Usuli

Meneja alianza kama fundi wa laini katika shirika la posta na simu, kabla halijagawanywa mwaka 1999. Simu za mkononi ziliposhika kasi alihamia huko, akapanda ngazi hadi akakabidhiwa Pwani nzima: minara, jenereta na dizeli yake, viungo vya maikrowevu (mawimbi ya redio yanayounganisha mnara na mnara), mikataba ya paa na viwanja. Aliijua Mombasa kwa paa zake. Alijua jengo lipi Majengo linaona Kisauni bila kizuizi, na ni mwenye nyumba yupi atakayekataa mlingoti hata akilipwa mara mbili.

Kampuni ilipopunguza ngazi ya mameneja aliondoka na malipo ya kupunguzwa kazi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inataka angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Kwa mtu wa utumishi mrefu hizo ni fedha za kununulia vifaa, lakini si za kuwangoja wadeni. Tofauti hiyo ndiyo iliyokuja kumtesa.

Jambo moja la usuli lina uzito kuliko yote. Katika kampuni kubwa hakuwahi kununua uwezo wa laini za kimataifa, hakuwahi kudai mteja deni, wala hakuwahi kujaza fomu ya kodi. Kazi hizo zilikuwa na idara zake Nairobi. Yeye alipokea bajeti, akajenga.

Alichokiona

Mikongo ya SEACOM na TEAMS ilianza kutoa huduma Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010 na LION2 mwaka 2012. Kwa miaka mingi, hata hivyo, seva za akiba, zinazoweka nakala za video na kurasa karibu na watumiaji, na kituo ambapo mitandao hubadilishana trafiki vilikuwa Nairobi. Video aliyoitazama mtu wa Mtopanga ilipita baharini hadi mlangoni kwake, ikapanda barabara ya karibu kilomita 480 hadi Nairobi, kisha ikarudi, na safari hiyo ya nchi kavu ilikuwa na bei yake. Vituo vya data vilipofunguliwa Mombasa, ikawezekana kununua uwezo mjini na kuchukua sehemu ya trafiki papo hapo. Meneja alipiga hesabu hiyo mapema kuliko wengi, na aliipiga sawasawa.

Wakati ombi lake la leseni likisubiri, alifanya michoro na kupima paa. Alihitaji leseni mbili za Mamlaka ya Mawasiliano: ya ASP (mtoa huduma) ya kuuza huduma, na ya NFP (mwenye miundombinu) ngazi ya tatu ya kujenga mtandao wa eneo. Maombi kama hayo hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na umma hupewa siku 30 za kupinga, kwa hiyo anayeagiza vifaa kabla ya tangazo huvilipia kodi ya stoo bure. Meneja hakuagiza.

Awamu ya kwanza: hoteli na ofisi

Alianza na watu aliowajua: mameneja wa hoteli za Pwani ya Kaskazini, ofisi za mizigo karibu na bandari, shule mbili tatu. Alitumia antena za masafa ya 5 GHz kutoka paa hadi paa, kwa mikataba ya mwaka, ankara mwisho wa mwezi na malipo ndani ya siku 30.

Upande wa ufundi matatizo yalikuwa ya kutarajiwa. Kwa kiungo cha kilomita 2 cha 5.8 GHz haitoshi kuona upande wa pili kwa macho tu. Katikati ya njia kinahitaji uwazi wa takriban mita 3 kuuzunguka mstari wa antena hadi antena. Mnazi mchanga unaopimwa leo ukiwa chini ya mstari hufika juu baada ya misimu michache, na upepo wa kusi ukiutikisa, kiungo kinakatika na kurudi bila mpangilio. Chumvi nayo hula konekta za shaba za kebo ya mtandao. Kebo isiyokuwa ya nje, isiyofungwa kwa mkanda wa mpira na isiyopindwa chini kabla ya kuingia kwenye antena hupitisha maji hadi ndani. Meneja alikuwa na kanuni za kazi zake za zamani na alizifuata. Mlingoti ulikuwa wa chuma kilichopakwa zinki, konekta zilikaguliwa kila baada ya miezi sita, na vipuri viliwekwa pande zote mbili za kivuko cha Likoni ili fundi asingoje feri akiwa na mteja asiye na mtandao.

Fedha ndizo zilizomshinda. Muuza jumla wa uwezo wa intaneti alidai malipo mwanzo wa mwezi. Hoteli ilipewa ankara mwisho wa mwezi, na siku 30 za mkataba zikawa 90. Ukifuata tarehe, kabla shilingi ya kwanza haijaingia Meneja alikuwa amelipia uwezo wa miezi minne. Juu ya hapo, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16% inadaiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata ule wa ankara, ankara iwe imelipwa au haijalipwa. Alikuwa akiikopesha hoteli huduma, kisha akiilipia na kodi yake. Baada ya Pasaka ulikuja msimu mbaya, vyumba vikawa vitupu hadi karibu na Julai, na wahasibu wa hoteli wakaacha kupokea simu.

Kulikuwa na kosa jingine lililofichika ndani ya bei. Huduma za data hutozwa ushuru wa bidhaa, ambao ni 15% tangu Julai 2023, na VAT hutozwa juu ya jumla iliyokwisha kuongezwa ushuru huo. Kizidisho ni 1.15 mara 1.16, yaani 1.334. Anayemtangazia mteja shilingi 300 kodi ikiwemo hubaki na kama 225. Mwanzoni bei zilipangwa kwa kugawa kwa 1.16 peke yake, ikaonekana zinabaki 259. Shilingi 34 kwa kila 300 zilikuwa za serikali, naye alikwisha kuzihesabu kuwa mshahara wa mafundi.

Uamuzi wa kugeuka

Alikuwa na njia tatu: kukopa benki ili kuziba pengo la hoteli, kutafuta mshirika mwenye mtaji, au kubadilisha mteja. Alichagua ya tatu. Sababu aliyoitoa ilikuwa nyepesi na sahihi: mkopo ungemlipia mdeni wake, usingebadilisha tabia ya mdeni. Mpangaji wa chumba kimoja hana mhasibu wa kujificha nyuma yake, lakini hulipa kabla, kwa wiki, kama anavyonunua tokeni za umeme.

Hoteli hakuzifukuza. Alizipa hiari ya kulipa mwanzo wa mwezi kwa bei ya chini au kuondoka. Nyingi ziliondoka. Zilizobaki zilimfaa kwa jambo ambalo hakulipanga: hoteli na ofisi hutumia laini mchana, nyumba hutumia saa mbili usiku hadi saa tano, hivyo uwezo uleule uliuzwa mara mbili.

Faiba ndani ya nyumba za Kiswahili

Nyumba ya Kiswahili ina ujia katikati, vyumba kushoto na kulia, ua nyuma. Vyumba sita au vinane, kila kimoja na mpangaji wake. Kwa mtu wa faiba, kebo ya kioo inayobeba intaneti kwa mwanga, huo ni mpango uliokwisha kuchorwa: splita moja ya 1:8, yaani kifaa kinachogawa mwanga mara nane, ukutani mwa ujia.

Hesabu ya mwanga ilikuwa hivi. Splita ya 1:8 hula takriban desibeli 10.5 (desibeli ni kipimo cha mwanga unaopotea). Mbili zikifuatana, moja mtaani na moja ujiani, zinakula 21 na kutoa wateja 64 kwa mlango mmoja wa OLT, mashine ya kampuni inayotuma mwanga. Faiba ya kilomita 3 hula kama 1, na konekta pamoja na viungio vya kuchomelea 1.5 hadi 2. OLT ikitoa +3 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga), chumbani zinafika kama -21. Kipokezi cha daraja B+ huvumilia hadi -27, kwa hiyo kuna nafasi ya kutosha, ilimradi mafundi wasiimalize kwa uzembe.

Waliimaliza kwa konekta. Konekta ya kijani ina uso uliokatwa kwa pembe ya nyuzi 8, ya buluu ina uso bapa. Zinaingiana bila kulalamika, lakini kati yake panabaki mwanya, na mwanya huo hula desibeli kadhaa. Fundi akichanganya rangi, chumbani panafika -25 au -26. Taa ya ONU, kisanduku cha chumbani kinachopokea mwanga, inawaka kijani, kipimo cha kasi kinapita, mteja anafurahi, fundi anaondoka. Wiki mbili baadaye vumbi na unyevu vinaongeza desibeli moja na nusu, na laini inaanza kufa usiku. Dawa ilikuwa ya kiutawala zaidi kuliko ya kiufundi: akaunti haikuwashwa mpaka fundi apakie picha ya kipima mwanga ikionyesha kati ya -15 na -24. Malalamiko ya aina hiyo yalipungua kuliko walivyotegemea.

Umeme ulikuwa na kisa chake. Nyumba nyingi zina mita moja, tokeni zikiisha vyumba vyote vinazima, na simu zote zinapigwa kwa kampuni ya intaneti. ONU ikikosa umeme hutuma ishara ya mwisho kabla ya kuzima; faiba ikikatika, ishara hiyo haiji. Mfumo ulipoanza kusoma tofauti hiyo, anayepokea simu aliweza kumwambia mteja aangalie mita badala ya kutuma fundi Kisauni usiku.

Lililohitaji ujuzi wa Mombasa hasa ni ardhi. Mjini humu nyumba inaweza kuwa ya huyu na ardhi iliyo chini yake ikawa ya yule. Ruhusa ya kutoboa ukuta ni ya mwenye nyumba. Ruhusa ya kusimamisha nguzo uani ni ya mwenye ardhi, ambaye pengine haishi mtaa huo. Nguzo tatu ziling’olewa kabla jambo hili halijaingizwa kwenye fomu ya ukaguzi. Mwenye nyumba naye alipewa laini yake bure pamoja na mgao mdogo kwa kila chumba kinacholipa wiki hiyo. Kuanzia hapo kisanduku cha ujiani kikapata mlinzi, na mpangaji anapohama, mwenye nyumba mwenyewe ndiye anayemwelekeza mpangaji mpya kwa kampuni.

Katika mtaa mmoja, ili kuwahi, kebo zilitundikwa kwenye nguzo za umeme kabla mkataba haujatiwa sahihi. Mwenye nguzo alizikata zote kwa siku moja. Hakuna la kuchambua hapo zaidi ya kwamba Meneja alijua, na alikubali kwa sababu mshindani alikuwa ametangulia kutundika.

Malipo

Walianza na Paybill, namba ya kampuni ya kupokea malipo ya M-Pesa, na karani mmoja. Mteja alitakiwa kuandika namba ya akaunti. Wengi waliandika jina lao, la mtoto, au neno “intaneti”. Fedha ziliingia, chumba hakikuwaka. Jumamosi jioni, mpira ukikaribia, karani alikuwa na ujumbe wa watu kumi wakimtumia picha za skrini.

Meneja aliajiri msanifu wa programu kijana, nao wakaunganisha mfumo na Daraja, mlango wa programu wa M-Pesa. Haya ndiyo waliyoyapata, na yanamfaa yeyote anayejenga kitu kama hicho:

- Uhakiki wa akaunti kabla ya malipo haujiwashi, lazima uombwe. Unaposajili anwani zako unachagua kama malipo yakubaliwe au yakataliwe seva yako isipojibu. Walichagua yakubaliwe, kisha wakajenga foleni ya malipo yasiyo na mwenyewe. Kukataa pesa ya mteja kwa sababu seva yako imelala ni njia ya haraka ya kumpoteza.
- Taarifa ya malipo inaweza kufika mara mbili au kuchelewa. Namba ya muamala ndiyo iwe ufunguo wa kipekee kwenye hifadhidata, la sivyo mteja mmoja anapewa wiki mbili kwa malipo ya moja.
- Namba ya simu ya mlipaji siku hizi huja imefichwa kwenye taarifa hiyo, hivyo mfumo unaomtambua mteja kwa simu yake utakwama.
- Ombi la malipo linalotokea lenyewe kwenye simu hupitia mtandao wa simu. Aliyekwisha kukatiwa intaneti bado anaweza kulipa.

Upande wa mtandao, ruta za MikroTik ziliuliza seva ya RADIUS, inayotunza ruhusa za wateja kuingia mtandaoni, kwenye bandari 1812 (namba ya mlango wa seva) kama mteja ana siku zilizobaki, na zilituma matumizi kwenye 1813 kila dakika tano. Umeme ukipotea ghafla ruta hazikuaga, na mteja aliandikwa kuwa bado yumo. Uliporudi, alikataliwa kwa kosa la kuingia mara mbili. Walitatua kwa kufunga kila kikao kisichotuma taarifa kwa dakika 15. Aliyeishiwa siku naye hakukatwa kabisa: alihamishiwa kundi la anwani linalofungua ukurasa wa kulipia tu, na akilipa, seva inatuma amri kwenye bandari 3799 anarudishwa bila kuzima ruta.

Mei 2024

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika upande wa kusini, karibu na Afrika Kusini. Februari mwaka huohuo mikongo kadhaa ilikuwa imeharibika Bahari ya Shamu, kwa hiyo hata njia ya kaskazini ilikuwa nyembamba. Meneja alikuwa na wauzaji wawili wa jumla na alilipa ankara mbili kwa ajili ya usalama. Wote wawili walikuwa wakimpitisha kusini.

Walifanya mambo mawili siku hiyo. Walipunguza kasi ya kila mteja kwa uwiano sawa badala ya kuacha wachache wamalize laini, na wakaongeza siku kwa kila akaunti hai kwa amri moja kabla watu hawajaanza kuuliza. Video zilizokuwa kwenye seva za akiba nchini ziliendelea kuonekana. Kilichoumia zaidi ni simu za video na kazi za ofisi. Mkataba uliofuata uliandika jina la mkongo, kituo unapotua, na njia ya nchi kavu hadi kwenye kabati lake.

Programu inageuka biashara

Wamiliki wa mitandao midogo Mtwapa, Malindi na Ukunda walianza kuulizia mfumo wa malipo. Meneja aliwauzia kama kampuni kubwa ziuzavyo: ada ya ufungaji na leseni ya mwaka. Hakuna aliyenunua, kwa kuwa mtu mwenye wateja mia moja hana fedha za mwaka mkononi. Alipobadilisha iwe ada ndogo kwa kila mteja aliyelipa mwezi huo, wakaja. Mapato yalipanda na kushuka pamoja na ya wanunuzi, na hakuna aliyehitaji kukumbushwa deni.

Hapo mgongano ukajitokeza. Alikuwa akiona hesabu za watu anaoshindana nao mitaani. Alizungumza nao mmoja mmoja, na jibu likawa lile lile kwa maneno tofauti: chagua. Aliuza mtandao kwa kampuni kubwa zaidi, baada ya kupata idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano, akabaki na programu na wafanyakazi wachache.

Uchambuzi

Ukipanga makosa yake makubwa upande mmoja na idara za kampuni yake ya zamani upande mwingine, yanalingana karibu moja kwa moja. Kukopesha hoteli ni kazi ya idara ya madeni. Kizidisho cha 1.334 ni cha idara ya kodi, wauzaji wawili kwenye njia moja ni wa idara ya ununuzi, na leseni ya mwaka ni ya idara ya mauzo. Kwenye minara, mwanga, vipuri na chumvi, alikokaa mwenyewe, kampuni haikuyumba. Kosa la mwezi Mei ndilo linaloshangaza zaidi, maana katika maikrowevu alikuwa hapangi kiungo bila njia ya pili inayopita mlima mwingine. Kanuni aliijua, hakuwa amewahi kuitumia kwenye karatasi ya ununuzi.

Wengi husifu kugeukia programu kuwa ndiyo hatua ya busara. Maoni yetu ni kwamba hatua yenye thamani zaidi ilikuja kabla yake, alipokubali kupoteza hoteli. Ilimwondolea wateja wenye majina, na kwa mtu aliyezoea kualikwa kwenye mikutano yao haikuwa rahisi. Bila malipo ya kabla kusingekuwa na mfumo wa kuuza.

Picha ya kipima mwanga na mgao wa mwenye nyumba zilifanya kazi kwa sababu zilimpa mtu aliye karibu na kifaa sababu ya kukitunza. Fomu ya ukaguzi ilichelewa. Nguzo tatu ni bei ndogo, lakini ingeweza kuwa kesi mahakamani.

Lililobaki na hatari ni funguo. Mwanzoni funguo za siri za kuingilia Daraja za wanunuzi wote zilikaa kwenye hifadhidata moja bila kufichwa, na aliyeingia humo angeingia kwa wote. Sasa zimefichwa kila moja peke yake. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kampuni ya Meneja ni mchakataji, yaani anayeshughulikia data kwa niaba ya mwingine, na ikitokea data kuvuja ina wajibu wa kumjulisha mdhibiti, yaani mwenye mtandao, ndani ya saa 48 inapowezekana; mdhibiti ana saa 72 kumfikia Kamishna wa Data. Muda huo umeandikwa kwenye mkataba wa kila mnunuzi pamoja na namba ya kupiga usiku. Fedha za wateja hazipiti kwake hata kidogo, zinaingia moja kwa moja kwenye Paybill ya mwenye mtandao. Wanunuzi kadhaa wamemwomba azikusanye yeye na kuwagawia kila Ijumaa, kwa ada. Amekataa, kwa sababu kushika fedha za watu hivyo kungemtaka leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ya 2011, na safari hii aliuliza mwanasheria kabla ya kujibu.